Kwao Nasambu ni Wapi?

Mbele ya maghala ya mahindi mjini Kitale pana benchi la mbao, na asubuhi hiyo tulikuwa tumeketi hapo, kama ilivyo desturi yetu, tukinywa kahawa ya Nasambu. Mama huyu wa miaka thelathini na tisa alikuwa ameomba kufanya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi cha kaunti. Karani akamrudishia fomu: mtihani ni wa wakazi, naye alizaliwa Misikhu akaolewa Mabanga, basi ni mtu wa kaunti ya Bungoma, atafute mashahidi wawili wa makazi. Maombi yalikuwa yafungwe saa sita mchana siku hiyo hiyo. Mukhisa, tumwitaye Jaji kwa kuwa aliwahi kufagia mahakama, akaifungua kesi.

— Kwao mtu ni pale kitovu chake kilizikwa. Cha huyu kiko Misikhu. Mcheza kwao hutuzwa, aende afanyie huko.

— Nilienda, Jaji. Wakaniambia ati niende kwa bwana.

Bethwel, muuza dawa za mifugo, ambaye sisi humwita Daktari, akaweka kikombe chini.

— Sikiza, bana. Ng'ombe ya mahari ilitoka Mabanga. Ikirudi, mtu pia amerudi. Ilirudi?

— Wajomba walichinja.

— Basi kwenu ni kwa tumbo ya wajomba.

— Fomu haina nafasi ya tumbo, Daktari.

— Nyinyi hamjui sheria, alisema Jaji. Kwao mtu ni pale atazikwa. Si tungoje tuone huyu atazikwa wapi? Subira huvuta heri.

— Na nikishakufa nitauguza nani?

Nami, mzee wa kanisa, nikatia neno la mimbari: kwamba sote ni wapitaji, wala hakuna mwenye makao ya kudumu duniani.

— Mwambie karani, Mzee. Yeye anajiona mwenyeji.

Kizito, mwendesha bodaboda aliyeketi nasi kwa mara ya kwanza, alikuwa akisikiliza tu.

— Kwani huyu mama hulala wapi?

Daktari alikohoa. Jaji akachungulia kikombe chake. Miaka sita tulikuwa tumenywa kahawa ya mama huyu, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

— Si useme tu, Nasambu, tutie sahihi, alisema Jaji.

— Hapana. Shahidi wa kuambiwa sitaki, alisema Nasambu. Alikusanya vikombe, pamoja na changu kilichokuwa nusu. — Ni Matisi, hapa hapa Kitale, nyuma ya kinu cha posho. Inukeni mkaone mlango. Halafu tunaenda kwa huyo karani, na akinirudisha tena nitakaa hapo kwa dirisha lake mpaka aniambie mkazi ni nani.

— Matisi ni mbali, alisema Jaji, na hii goti yangu...

— Mimi hutembea hiyo njia kila alfajiri na hii birika. Leo beba wewe.

Jaji akaibeba.