Waarusha Hatuugui Moyo

Kijiwe cha Kimandolu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matairi mawili yaliyojazwa zege, mbele ya banda la fundi pancha, na wanaoukalia hawajawahi kukosa jibu la swali lolote duniani. Asubuhi hiyo ya Julai baridi ilikuwa inauma, Mlima Meru umefunikwa na ukungu mpaka miguuni, na muuza kahawa alikuwa ameshamimina mzunguko wa pili. Katikati alikaa Mzee Lomayani, wanayemwita Jaji kwa sababu kila ubishi yeye ndiye anayeufunga. Kushoto kwake Sadoki, dereva wa teksi, jina lake hapo ni Dokta Njiro, maana huwabeba watu wa mashirika wa kule Njiro na kurudi na nusu ya mazungumzo yao. Kulia Kaanaeli, Mmeru mwenye simu kubwa isiyoishiwa bando, wao humwita Mtandao. Mwisho kabisa wa ubao, amekaa upande upande, alikuwepo Lesian, fundi seremala, aliyemzika mdogo wake wiki tatu zilizopita. Mdogo wake alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alianguka akifungua geti la nyumbani kwake, hakuinuka tena; hospitali wakasema ni moyo.

Jina la mdogo wake halikutajwa. Katika ukoo wao mtu akishafariki jina lake halitajwi tena, na kifo chake hakisimuliwi. Pale kijiweni alikuwa amegeuka kuwa "yule".

— Mimi nawaambia, sisi Waarusha hatuugui moyo, — Jaji alisema. — Tangu lini? Mtu kakua kwa maziwa, kanywa mafuta ya kondoo kwa kikombe, moyo utamsumbua kwa lipi?

— Ni jeni hizo, mzee, — Sadoki alidakia. — Juzi nimembeba mama mmoja wa mambo ya afya. Anasema kila watu wana jeni zao za moyo.

— Jeni ndiyo mdudu gani?

— Ni kama namba ya chesisi. Unazaliwa imeshagongwa. Upake rangi usipake, ipo.

— Basi yetu imegongwa vizuri.

— Waliogongewa vibaya ni Wachaga, — Kaanaeli alisema, kidole kikiteleza kwenye kioo cha simu. — Damu ya biashara hiyo, chalii wangu. Moyo haulali. Sisi Wameru tunalindwa na ndizi. Ndizi inapaka moyo kama grisi.

— Umesoma wapi hiyo?

— Humu humu.

Humo ndani ya simu ya Kaanaeli mlikuwa na kila kitu isipokuwa aibu. Lesian alishika kikombe chake kwa mikono miwili, akaomba kimoyomoyo wahamie kwenye mpira. Hawakuhama.

— Sasa nisikilizeni vizuri, — Jaji alisema, akashusha sauti ili kila mtu asikie. — Kama damu yetu haina ugonjwa huo, na yule alikuwa wetu kwa baba na kwa mama, basi moyo wake umeharibiwa na kitu cha kutoka nje. Nani alikuwa anampikia?

Wote walijua. Agnela, mke wake, binti wa Kichaga kutoka Marangu.

— Kitimoto. Mafuta ya nguruwe, — Sadoki alinong'ona.

— Siyo kitimoto tu, — Kaanaeli alisema. — Jeni zenyewe zinahama. Mkila sahani moja miaka kumi, za mke zinahamia kwa mume. Ipo hiyo.

— Inawezekana, — Sadoki alikubali. — Hasa kwa kikombe. Mate, unajua.

— Au alimwekea kitu, — Jaji alimalizia. — Ndiyo maana Jumamosi tuna kikao. Wale watoto watatu warudi boma la babu yao, wakanywe maziwa, watoke kwenye mikono ya yule mwanamke. Na wewe Lesian ndiye baba yao mkubwa. Wewe ndiye utakayesema neno la mwisho.

— Sawa, mzee, — Lesian alijibu.

Alilichukia hilo "sawa" kabla halijamtoka mdomoni. Alikuwa na miaka tisa siku ile shambani, walipokuwa wakipalilia maharage. Baba yake aliweka jembe chini taratibu, akajishika kifua kama mtu anayetafuta kitu mfukoni, akakaa, kisha akalala. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Jioni mama alimwambia Lesian asilizungumze hilo maishani mwake, naye mtoto mtiifu akatii. Hakumwambia mkewe. Hakumwambia hata mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu na hakukumbuka chochote. Mwaka kesho, mwezi wa tatu, Lesian mwenyewe angefikisha arobaini na sita.

Bodaboda ilisimama mbele ya banda. Agnela akashuka, kitenge cheusi kichwani, bahasha ya kaki kwapani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, — Jaji aliitikia, macho kwenye kikombe.

— Shemeji, nimepita kwako wakaniambia uko huku. Nawapeleka watoto wapimwe moyo. Daktari ameniambia kuna magonjwa ya moyo yanayopita kwenye ukoo, kabila lolote lile. Kanipa fomu. Upande wa kwetu nimeshajaza, nimeuliza mpaka kwa bibi. Upande wa baba yao ndiyo sijui. — Akatoa karatasi, akasoma polepole. — "Babu mzaa baba alifariki akiwa na umri gani, na kwa ugonjwa gani?" Jibu la hapo ndilo litakalomwonyesha daktari awapime vipi.

Watu waliokuwa na majibu ya makabila yote ya mkoa walikosa jibu la mtu mmoja. Sadoki alifunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Simu ya Kaanaeli ililala pajani, kioo chini. Lesian alifungua mdomo, akamwona Jaji anamtazama, akaufunga.

Agnela akaweka karatasi juu ya tangi la pikipiki, akaandika neno moja, na Lesian kutoka pale alipokaa aliliona: Haijulikani.

— Asanteni, wazee.

Pikipiki ilishuka kuelekea mjini. Ndipo sauti ya Lesian ikapatikana, na yeye mwenyewe akaionea haya.

— Baba alijishika kifua. Nilikuwepo.

— Tunajua, — Jaji alisema. — Unafikiri nani alimbeba? Miguu nilishika mimi.

— Unajua? Halafu unakaa hapa unasema hatuugui moyo?

— Marehemu hasemwi, Lesian.

— Ila Agnela anasemwa.

Lesian akatoa simu, na hapo akagundua kwamba hana namba ya shemeji yake. Miaka kumi na miwili, kila alipotaka kuongea naye, alimpigia mdogo wake. Akaitafuta namba hiyo, jina likajaa kwenye kioo: Yiamat. Akabonyeza, akitumaini mjane ndiye anayetembea na simu hiyo sasa. Iliita mara tano.

— Abee, shemeji.

— Agnela, futa hilo neno. Andika moyo. Miaka arobaini na sita. Jina lake Tajeu.

Jaji alishtuka kusikia jina hilo. Akamwaga kahawa yake chini, akajifunga shuka, akaondoka bila kuaga. Kaanaeli alisogea kwenye ubao, akaacha nafasi kubwa kati yake na Lesian.

— Na Jumamosi nitakuja kikaoni kusema hivyohivyo, — Lesian aliendelea. — Watoto ni wako. Nitasema mbele ya wote.

Upande wa pili kulikuwa na kelele za magari, na ndani ya kelele hizo mwanamke anapumua. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa hata na hasira.

— Shemeji, kwa hiyo na mume wangu angeweza kupimwa?

Lesian aliibana simu sikioni. Sadoki alimtazama akisubiri, Kaanaeli naye akamtazama. Muuza kahawa alikuwa ameshaanza kukusanya vikombe, akachukua na cha Lesian kilichokuwa bado kimejaa. Agnela hakukata simu.