Risala ya Tuliopandikizwa Figo: Dawa ya Huzuni Tuliyoificha

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa hospitali. Madaktari na wauguzi wetu. Ndugu mliotugawia figo zenu. Mabibi na mabwana.

KUKUKARIBISHA
Karibu katika ukumbi huu wa mazoezi ya viungo, tulioazimwa kwa asubuhi moja. Tulitaka kukusomea mazuri matupu. Tumeshindwa, utuwie radhi.

TULIKOTOKA
Tulijuana kwenye mashine za kusafisha damu, kitanda kwa kitanda. Tulipopandikizwa figo, tukaona tusitupane.

TUNAYOJIVUNIA
Tunakumbushana kumeza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo mpya. Simu zetu zikilia pamoja katikati ya kikao, mpita njia hudhani kuna moto. Wengi tumerudi kazini.

LINALOTUTIA AIBU
Mwenzetu mmoja ni mshonaji. Figo alipewa na kaka yake. Baada ya kupona akaingiwa na huzuni isiyoondoka: hali chakula, halali usingizi, cherehani imefunikwa. Alipotudokeza, tulimjibu, "Dada, umepewa uhai, bado unalia?" Tulidhani tunamtia moyo. Kumbe tulimfunga mdomo.

Akaenda kimyakimya kliniki ya afya ya akili, mtaa wa pili, na huko hakusema kwamba amepandikizwa figo. Akapewa dawa ya sonona. Ilimsaidia, hamu ya chakula ilirudi. Lakini ilikuwa ya aina inayouchelewesha mwili kuiondoa dawa ya figo, basi ile ya figo ikarundikana kwenye damu. Mikono ikatetemeka hata uzi hauingii kwenye sindano, na figo yenyewe ikaanza kuumia.

Daktari wa figo akamuuliza, "Kuna dawa nyingine unatumia?"

Kaka yake alikuwa kwenye kiti cha pembeni, kama kawaida yake.

"Hakuna," mshonaji akajibu.

Kipimo kilichofuata kikatoka kibaya zaidi. Muuguzi akamwomba kaka atoke kidogo. Mlango ulipofungwa, mshonaji akasema, "Natumia dawa ya huzuni. Naona aibu. Mtu kanipa kiungo cha mwili wake, mimi nashindwa hata kufurahi."

"Huo ni ugonjwa, mama," muuguzi akamwambia. "Ungetuambia, tungekutafutia dawa isiyogombana na hizi za figo."

Madaktari wa pande zote mbili wakazungumza, wakambadilishia dawa, wakawa wanampima damu kwa karibu. Mikono imetulia. Figo inafanya kazi, ila sehemu iliyoumia hairudi.

Alipotusimulia haya, wengine kati yetu nao wakakiri kuficha vidonge vya huzuni. Mmoja, kwa hofu, aliviacha ghafla bila kumuuliza daktari, akaumwa upya.

TUNAYOOMBA
Tunaomba mfamasia mmoja aone dawa zetu zote, za figo na za akili. Tunaomba kila mgonjwa apate nafasi ya kuongea na daktari akiwa peke yake, hata kama aliyemsindikiza ndiye aliyempa figo. Na mtuulize kuhusu huzuni kama mnavyotuuliza kuhusu mkojo, bila kunong'ona.

Ombi la mwisho si kwako, mgeni rasmi. Mshonaji yuko humu ukumbini, na kaka yake amekaa pembeni yake. Haya kaka hajawahi kuyasikia. Dada alituambia, "Someni ninyi. Mimi nikimtazama, sauti inakatika."

Kaka, hakuidharau figo yako. Alikuwa mgonjwa, na sisi ndio tuliomfundisha kuona aibu. Utusamehe sisi kwanza.

Mungu akulinde, mgeni rasmi, na awape afya wote waliobaki na figo moja kwa ajili yetu.

Ni sisi,
Umoja wa Tuliopandikizwa Figo