Pete ya Lisette Imegeuka Nyeusi

Mvua ya saa tisa ilikiacha kijiwe cha Cibitoke kimelegea. Ukungu ulishuka kutoka Gihosha bila haraka, na hata mvuke wa kahawa aliyouza Lisette ulipanda kama mtu aliyesahau anakokwenda. Armel, aliyeitwa Profesa kwa sababu aliacha shule mwaka wa sita, alikuwa akiota macho wazi: Jumapili Lisette anampeleka kwao. Ndipo Lisette akavua pete aliyopewa naye, akaiweka juu ya benchi. Nyeusi tii.

— Ulisema ni feza, Armel. Jumapili nikuonyeshe kwetu na hii?

Zénon, fundi wa vitanda vya chuma, akaigeuza.

— Ndani wameandika 925. Feza si ni feza? Hiyo ni bei. Faranga mia tisa makumi mbili na tano. We mutu mubaya, Profesa.

— Apana, ni siku, akasema Namegabe, muuza vitenge wa Uvira, macho nusu yamefumba. Feza inatokaka ku mwezi. Inadondoka mu ziwa, samaki mukeke anameza. Siku zikiisha, mwezi inaita kitu yake, pete inabakia giza.

— Mukeke anameza feza? akauliza Zénon.

— Juu ya nini unazani anangaa?

Kwa kitambo Armel aliwaona samaki hao wakipita chini ya maji na mwanga tumboni, akatamani iwe kweli. Lakini Lisette alikuwa akingoja, na macho yake hayakutazamika. Afadhali kumweleza Joëlla, mdogo wa Lisette wa miaka minane, aliyefika sasa hivi kutoka shule.

— Sikia, Joëlla. Feza tupu iko laini, ukifua nayo nguo inapinda. Basi mu sehemu elfu moja, fundi anaweka feza mia tisa makumi mbili na tano. Yenye kubakia ni shaba, ipate nguvu. Weusi ni hewa na jasho tu.

Akaomba bikarbonati ya maandazi, akailowesha, akasugua na kitambaa. Mwanga ukarudi polepole, kama asubuhi dirishani.

— Umeona? Profesa hasemaki uongo.

Joëlla akaitazama pete, kisha akamtazama yeye.

— Na mu maneno yako elfu moja, tonton Armel, ya kweli iko ngapi?

Zénon akainamia kikombe. Namegabe akafumbua macho yote mawili. Armel akakumbuka kiwanja cha Gihosha alichomwambia Lisette kuwa ni chake, na mjomba wa Brussels asiyekuwepo.

Lisette alikuwa ameishika pete kiganjani, hajaivaa.

— Jibu mutoto, akasema. Jumapili papa atauliza vile vile.