Barua Niliyoificha Kwenye Wimbi la Mbegu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, na nyinyi mnaokaa kule nyuma karibu na mlango pia, msifikiri siwaoni. Mimi ni Bosibori, nyanya yake Kerubo na wenzake watano, wote wana afya na meno yao yote, isipokuwa yule mdogo ambaye yake bado yanaota. Natoka upande wa Nyamira, unapita Keroka kidogo, unateremka kwenye majani chai. Tangu asubuhi nimekwenda chooni mara nne. Lakini nimesema leo lazima niseme.

Mwanangu Mogaka alikuwa askari wa jeshi. Mnamjua, kanisa hili lilimwombea akienda Somalia, mara ya kwanza na mara ya pili. Siku hizo nilikuwa natembea kama mama wa jenerali. Nilijivuna, sikatai. Hiyo mara ya pili gari lao lilikanyaga bomu. Wenzake wawili hawakurudi. Yeye alirudi na sikio moja linalosikia, jeshi likampa karatasi zake, likamwambia asante, nenda nyumbani.

Akaja nyumbani, lakini kukaa hakukaa. Akiamka anatoka mlangoni mpaka langoni, langoni mpaka kwa migomba, kwa migomba mpaka mlangoni tena. Nyasi ziliisha hapo, pakawa njia, hata ng'ombe wakaanza kuitumia. Ukimpa kiti, anakigeuza kwanza kitazame mlango. Ukiangusha sufuria, yeye yuko chini ya meza kabla sufuria haijanyamaza. Mke wake Moraa, yule binti wa Mosocho, alijifunza kuweka vyombo chini kama mtu anayelaza mtoto.

Ndugu zangu, na mimi nikashikwa na ugonjwa huo huo. Sikutulia. Nachuma chai, nageuka kuangalia kama kofia yake bado inaonekana juu ya ua. Naenda kisimani, narudi na ndoo nusu. Lango letu lilikuwa limeng'oka bawaba, basi nikalifunga kwa waya, raundi saba, ili akitaka kutoka nisikie akihangaika nalo. Mtu wa miaka thelathini na tisa, nimemfungia kama ndama!

Kitu kilichonimaliza ni swali lake. Kila nikirudi kutoka kituo cha chai ananiuliza kama hakuna barua. Leo hakuna barua? Hata leo? Nikajua anangoja jeshi limwite tena. Sikumuuliza ni barua gani. Hiyo ndiyo tabia yangu, mimi hujua kwanza, nauliza baadaye.

Basi siku moja tuko kwenye foleni ya kupima chai, naibu wa chifu akaniletea bahasha ya kaki yenye jina la Mogaka. Juu yake kuna ngao na wale simba wawili wa serikali. Barua iliyompeleka jeshini zamani ilikuwa na simba hao hao. Watu wote na vikapu vyao wakageuka kunitazama. Naibu akasema kwa heshima, "Mama Mogaka, nikusomee?"

Nikamwambia, "Kwani umeambiwa mimi ni kipofu?"

Watu wakacheka. Nikaifungua mbele yao. Nikapitisha macho juu mpaka chini, nikatikisa kichwa kama mwalimu mkuu, nikaikunja.

Ndugu zangu, mimi niliacha shule darasa la pili. Kitabu cha nyimbo mnachoniona nacho miaka yote hii ni cha kushika tu, nyimbo nazijua kwa kichwa. Kwangu kuna Kerubo, yuko darasa la sita, anasoma Kiingereza kama maji. Ningempa tu. Lakini kumpa mtoto anisomee ni kumwambia kwamba nyanya hajui. Na tena nilishaona simba, nilishajua wanasema nini. Wanamtaka arudi akafe.

Nilipofika nyumbani Mogaka akauliza kama hakuna barua. Nikasema hakuna. Nikaingia jikoni, nikaizika ndani ya mtungi wa wimbi la mbegu. Wimbi la kusaga uji Moraa huchota kila siku, lakini la mbegu halisagwi, hakuna mkono unaoingia humo mpaka wakati wa kupanda. Halafu nikapiga magoti nikamshukuru Mungu kwa kuniwezesha kumwokoa mwanangu. Nilimshukuru Mungu kwa wizi wangu!

Mwezi ulipita. Mogaka akaacha kuuliza. Nikafikiri amepona. Kumbe mtu anaweza kuacha kuuliza kwa sababu amekata tamaa. Njia yake akawa haipiti tena. Alikuwa analala tu na kuangalia ukuta, na mimi ndiye niliyebaki kutembea, jikoni mpaka langoni, langoni mpaka jikoni, naugusa ule mtungi nikipita.

Asubuhi moja tunachuma chai na Moraa, mistari yetu imekaribiana. Akasema, bila kuniangalia, kwamba hajui tena afanye nini na mume wake. Anasema kule Kisii kuna chuo cha ufundi chenye mpango wa kufundisha watu kazi, na waliotoka jeshini na wake zao au waume zao huchukuliwa kwanza kabla ya wengine. Mogaka aliomba kusomea umeme. Na yeye Moraa aliandikwa hapo kama mke. Waliambiwa barua itapitia kwa chifu. "Haijakuja, Mama," akasema. "Nadhani wamemkataa kwa sababu ya sikio."

Kikapu kilinitoka mgongoni. Nilikimbia, na mnajua mimi na magoti yangu. Nikapindua mtungi mzima, wimbi likamwagika sakafuni, kuku wakaingia, nikawaacha wajilie. Nikapanda gari mpaka Kisii nikiwa na gamubuti za shambani miguuni, na barua kifuani.

Ofisini nilimkuta mama mmoja wa makamo, mwenye miwani. Akasoma. Akaitazama tarehe, akanitazama mimi. Akasema nafasi ya Mogaka kwenye umeme ilimngoja siku zote zilizoandikwa, na hakuja, imepewa mwingine. Darasa limejaa. Akaniuliza kwa nini hakufika, na barua imefunguliwa.

Nyuma yangu kulikuwa na foleni, vijana na karatasi zao. Nilitaka kusema nilikuwa mgonjwa. Nilitaka kusema naibu alichelewa. Ndugu zangu, ulimi ulikuwa tayari, uongo ulikuwa umeshakaa vizuri mdomoni. Na hapo ndipo Mungu aliponishika. Nikasikia mdomo wangu wenyewe ukisema, "Niliificha mimi. Sijui kusoma. Nilidhani mnampeleka vitani."

Hakuna aliyecheka. Yule mama akavua miwani. Akafungua daftari lake. Akasema umeme umekwisha, lakini darasa la kuchomelea vyuma linaanza siku ile ile, na kuna kiti kimoja, na mke wa askari ana haki ya kutangulia kama askari mwenyewe. Lakini awe amefika kabla ya saa saba, na karatasi za mume za kutoka jeshini. Kijana mmoja kwenye foleni akanung'unika kwamba hata wake nao wanapitishwa mbele. Nikageuka nikamwambia Moraa alilala na simu mkononi miaka kumi na miwili akingoja kuambiwa ni mjane, kama anataka foleni hiyo aipange.

Karatasi ziko ndani ya sanduku la Mogaka, na ufunguo anao yeye. Kwa hiyo ilibidi nimpigie yeye. Nikamwambia yote, barua, mtungi, nafasi yake iliyopotea, na kiti kilichobaki cha Moraa. Nilisikia jogoo wetu akiwika upande ule. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu arudi, "Mama, kaa hapo. Huyo mama asitoke ofisini."

Nikasimama mlangoni. Yule mama alipotaka kwenda kunywa chai nikamwambia samahani, nimepewa amri. Akaletewa chai hapo hapo, na mimi nikapewa kikombe.

Walifika zikiwa zimebaki dakika chache, Moraa mikono myeusi kwa utomvu wa chai. Mogaka akaweka karatasi mezani, zimenyooka. Moraa akaandikwa, akapelekwa darasani na gamubuti zake. Tukabaki nje mimi na mwanangu. Nilingoja anitukane. Akasema, "Nilidhani wamesoma jina langu wakaliweka chini."

Nikamwambia, "Ni mimi niliyeliweka chini."

Hakusema amenisamehe. Hajasema mpaka leo, na sijamuuliza. Alibaki nyumbani miezi yote ya masomo ya Moraa akipika, akichuma chai vibaya, majani mazee na machanga pamoja, mpaka karani anamrudishia nusu. Moraa akirudi jioni anamfundisha alichofundishwa, na yeye anasikiliza kwa lile sikio zima. Kazi ya kwanza aliyoleta Moraa nyumbani ni bawaba. Tulikata ule waya, akalichomelea lango letu.

Alhamisi iliyopita naibu wa chifu aliniletea bahasha nyingine. Simba ni wale wale. Ndugu zangu, nisiwadanganye, moyo ulikimbilia mtungini. Lakini nilimpelekea Mogaka kwenye majani chai, haijafunguliwa. Akaniuliza inasema nini. Nikamjibu, "Sijui, mwanangu. Sijui kusoma." Akageuza ndoo mbili, tukakaa, akanisomea mstari kwa mstari kwa Kikisii, na alikaa akiwa amelipa lango mgongo. Ni chuo, ile nafasi ya umeme aliyoiomba tena imepatikana, na ameambiwa afike Jumatatu.

Kwa hiyo namshukuru Mungu aliyenitoa uongo mdomoni mbele ya watu. Na wewe uliyekaa hapo, unajua ulichozika na katika mtungi gani, nenda kakitoe leo, usingoje wakati wa kupanda. Mkabidhi Mungu aibu yako, ataibeba. Mimi bado silali vizuri. Mniombee mpaka Jumatatu. Lango letu sasa linafunguka kwa kidole kimoja. Nitamfungulia mimi mwenyewe, na sitamwita arudi.