Sentimita Ishirini za Mzee Sentimita

Ifikapo tarehe 30 Juni, saa kumi alasiri, mwenzetu tunayemwita Mzee Sentimita atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu katika Kitengo cha Maegesho na Utunzaji wa Magari cha kaunti yetu. Atarudisha kitambulisho, kizibao cha njano na funguo za yadi, aende zake nyumbani. Mimi ni mkuu wa kitengo, na zamani nilikuwa karani wa masijala. Kazi ya kumwandikia wasifu huu nimeiomba mwenyewe, kwa sababu kwenye faili lake kulikuwa na barua ya onyo kwa uzembe. Ina miaka kumi na tisa, na sikutaka mzee wa watu astaafu nayo. Nitaifikia, msiwe na haraka. Yeye mwenyewe hajawahi kuwa na haraka.

Alianza kama msaidizi wa mpaka rangi, kubeba ndoo na kufagia barabara kabla ya mistari kuchorwa, akapanda hadi kuwa mkaguzi. Huingia mitaani alfajiri, magari yakiwa bado na umande, mapazia ya watu hayajafunguliwa. Husema gari lililoegeshwa limelala, na mkaguzi ni mtu wa kupita tu akihakikisha limelala vizuri: lisizibe lango la jirani, lisikalie njia ya waendao kwa miguu, na kama ni bovu, lisikae barabarani zaidi ya siku kumi na nne. Ukitembea naye, baada ya mitaa miwili na wewe unaanza kunong'ona. Mimi nimetembea naye, na nakiri kuna asubuhi nilizosahau kabisa kwamba tuko kazini.

Daftari la ukaguzi lina safu ya "Maoni". Sisi wengine huandika "Sawa" au "Si sawa", tukapita. Yeye aliwahi kuandika: "La buluu, turubai safi, paka wawili juu yake. Limeridhika." Makarani tulikuwa tunagombania kunakili madaftari yake.

Hili la maboga lazima nilitaje. Nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja palikuwa na basi dogo bovu. Kanuni inamruhusu mkazi kutunza gari moja bovu nyumbani kwake, mradi liwe limefunikwa. Jirani akaleta malalamiko kwamba halijafunikwa. Mzee akaenda, akakuta mmea wa maboga umepanda kutoka magurudumuni hadi juu ya paa, majani mapana mapana, dirisha moja tu likichungulia. Akalizunguka basi mara tatu. Kisha akaandika kwamba gari limefunikwa isipokuwa dirisha moja, kwa kuwa kanuni haitaji aina ya kifuniko, na mwenye gari apewe siku thelathini kusubiri majani. Jamani, ofisi nzima ilicheka hadi kushika mbavu! Siku ya ishirini na mbili alirudi kukagua. Dirisha lilikuwa limeshapotea, akafunga jalada.

Lakini asije mtu akadhani alikuwa mlegevu. Jina la Sentimita halikumjia bure: ukimwomba akuachie sentimita moja, anakuangalia kwa huruma kama umeomba akukatie kidole chake. Ndiyo maana yaliyotokea miaka ile kumi na tisa iliyopita yalimuumiza kuliko ambavyo yangemuumiza mtu mwingine yeyote.

Mitaa mitatu ilichorwa mistari mipya, kila nafasi upana wa mita mbili na nusu. Mpaka rangi alishika pete ya utepe wa kupimia upande huu, kiganja kimeifunika, mzee akasoma namba upande ule. Haukupita mwezi, wakazi wa mitaa hiyo wakawa eti hawajui tena kuegesha. Matairi yanakalia mistari, vioo vya pembeni vinagongana, na mzee, kwa masikitiko, akaandika notisi sitini na nne. Pikapu ya seremala mmoja ikavutwa hadi yadi.

Aliyefumbua fumbo ni fundi cherehani. Alipopata notisi ya pili, alitoka kibandani kwake na futi yake shingoni, akapiga magoti barabarani, akapima. Kisha akamwambia mzee kwamba yeye kazi yake ni kupima viuno vya watu kutwa nzima, na hapa pamebana kwa sentimita ishirini kamili, asimletee maneno. Mzee akapiga magoti pembeni yake, akalaza utepe wake sambamba na futi. Pete ilikuwa imeshonwa kwenye namba ishirini.

Pikapu ilirudi kwa seremala jioni ileile. Wote walioandikiwa mzee aliwafuata kwa miguu, akaomba radhi mlango kwa mlango, akachukua notisi zake zote sitini na nne. Ofisini akaandika mistari miwili tu: utepe niliousainia ulikuwa pungufu, kosa ni langu. Akapewa onyo, na kiti cha mkuu wa kitengo, ambacho sote tulijua ni chake, kikapewa mtu wa idara nyingine. Mtu huyo alipohama, kikaja kwangu. Miaka kumi na moja sasa mimi ndiye ninayemsainia likizo.

Utepe ule niliukata mimi.

Nilikuwa na wiki tatu kazini. Ulibanwa na droo ya kabati la masijala, ncha ikachanika. Nikaukata pale palipochanika, nikaishonea pete upya kwa uzi wa kijani wa kufungia majalada, nikajipongeza kwa unadhifu wangu. Namba sikuzitazama. Balaa lilipozuka nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, nina mtoto mchanga nyumbani na hakuna mwingine wa kumlisha. Niliogopa. Nikanyamaza, na kimya kile nimekibeba hadi leo.

Jumatatu iliyopita nilimfuata yadini, nikamwambia huku nalia. Hakushtuka hata kidogo. Alisema alijua siku ileile alipopiga magoti barabarani, kwa sababu uzi wa kijani ulikuwa mezani kwangu peke yangu. Nikamuuliza kwa nini basi hakunitaja. Akasema mtu wa majaribio akipewa onyo anakwenda nyumbani. Yeye akipewa, kesho yake anakuja kazini kama kawaida. Akaniomba nisiliandike hili. Samahani, mzee, mara hii nimekukaidi.

Jana katibu wa kaunti aliidhinisha: barua ya onyo imetolewa kwenye faili lake, na maelezo yangu yamewekwa kwenye langu.

Mzee wangu, kitengo kizima kinakuombea afya, usingizi mnono na asubuhi ndefu zisizo na ratiba. Mtoto wangu yule mchanga sasa ananizidi kimo. Amekula, amevaa na amesoma kwa kazi uliyonilindia bila mimi kujua. Atakuja siku ya sherehe, maana ameshajua yote, na anataka kukuamkia yeye mwenyewe.