Sambusa za Saa ya Bei Rahisi

Asubuhi hiyo ya Julai, kwenye lile benchi la ndani ya duka kubwa la Malvern, mtaa wetu wa ughaibuni, mbele ya muuza kahawa, mahali ambapo kiyoyozi ni cha bure, wenyewe wa kila siku walikuwa wamekwisha kukaa. Katikati Sadru, waliyembandika jina la Waziri kwa kupenda kutoa maagizo. Kulia kwake Tharcisse wa Bukavu, Papa Mais, maana hakubali neno bila kulitilia "mais" yake, ile "lakini" ya Kifaransa. Mwangi, fundi wa kompyuta, wao humwita Kilowati, kaegemea nguzo. Pembeni Khairunissa, mke wa Waziri, macho yamemvimba kama aliyetoka msibani. Tangu ifungwe mita mpya, ile inayotoza ghali mchana na rahisi usiku, mumewe alimhamishia usiku kazi yake ya kukaanga sambusa za kuuza. Kesho kulikuwa na harusi Unionville, na trei zote bado.

— Dawa ni betri ya ukutani, alisema Waziri. Usiku inakunywa umeme wa rahisi, mchana inautema. Khairu atakaanga saa anayotaka.

— Utaifunga lini? aliuliza Khairunissa.

— Ikishuka bei.

— Arre, mwaka wa tatu huu inashuka tu, haijafika chini?

— Mais, Waziri, alidakia Tharcisse, Malvern nzima ikinunua betri, wote tutakunywa usiku. Usiku nao utapanda bei.

— Basi tunageuza! alisema Waziri. Tunajaza mchana, tunauza usiku.

— Na wote wakigeuza?

— Manze, mnawaza kidogo, alisema Mwangi. Umeme wa mchana si unaliwa na viyoyozi? Tuchimbe shimo, tufukie theluji ya Januari. Julai tunawauzia watu baridi.

— Theluji ya nani? aliuliza Waziri. Ya manispaa ile!

— Ya uani kwangu! Si naikokota na koleo mwenyewe?

— Mais, kama ni hivyo, hata sambusa ni betri! Umeme wa usiku umo ndani yake. Mama Khairu akaange za mwaka mzima, ajaze friza, tutajirike.

Walicheka. Khairunissa naye alicheka, kicheko kikaishia kwenye mwayo.

Msichana mmoja mwenye sare ya unesi, Abigael, ametoka zamu, alikuwa amesimama na kikombe chake akitafuta pa kukaa.

— Samahani, wazee wangu. Huyu mama hulala saa ngapi?

Waziri alifungua mdomo.

— Mchana si... mchana ana wajukuu...

Tharcisse aliinamia kamba za viatu. Kilowati alitazama dari.

Khairunissa alinyanyuka, akampisha nesi nafasi yake.

— Kaa, mwanangu.

— Unakwenda wapi? Waziri aliuliza.

— Kukaanga. Usiku nalala.

— Khairu, saa tano hii! Ndiyo kwanza bei inapanda!

— Basi njoo unishikie trei, tumalize upesi.

Waziri alitazama kahawa yake, imebaki nusu. Akaiacha pale benchini, akamfuata.