Makombo Matamu ya Wajukuu

Wapendwa, Bwana asifiwe. Leo nasimama mbele ya kanisa letu hapa Kasikeu na woga wangu, kwa hivyo mnivumilie.

Mnajua nilienda majuu, huko ng'ambo, kwa msichana wangu alipojifungua, nikakaa karibu mwaka. Ndugu zangu, nawaambia, kule hata mkate ni mtamu kama keki. Maharagwe ya mkebe, sukari. Yogati, sukari. Wajukuu wale wakubwa wawili walikuwa wanaonja kidogo, wanasukuma sahani, na mama yao anataka kumwaga. Kumwaga chakula! Mimi ambaye mwaka wa ukame tulipika hata mbegu za kupanda? Nikawa namaliza makombo yote, nateremsha na juisi. Na chai nakunywa bila sukari, najisifu eti najitunza. Chekeni tu.

Kiu ikaanza, kiu isiyoisha, na kwenda choo kila saa. Macho yakaingia ukungu, Biblia nikawa naifungua tu, siisomi. Sikusema. Ningesemaje, na mkwe wangu yuko hapo sebuleni? Kwetu mambo ya mwili wa mama mkwe hayasemwi mbele yake. Tena niliogopa kuonekana mzigo. Nikafunga na kuomba, jioni nikafungua kwa gilasi mbili za juisi. Angalieni huo ujinga.

Siku moja mtoto mchanga akapata homa. Mama yake alikuwa anaoga, akaniomba nimpe dawa. Ile bomba ndogo ya dawa ina mistari ya kupimia, na mimi mistari siioni. Badala ya kusema, nikajaza. Ilibaki kidogo iingie mdomoni, msichana wangu akatokea, akanishika mkono.

“Mwaitu, mama yangu, hiyo ni mara tatu ya kipimo! Kwani huoni?”

“Sioni,” nikamwambia, nikalia. Hata leo nauona ule mdomo mdogo umefunguka unangoja.

Hospitalini wakapata sukari yangu ya damu imepanda vibaya, wakanianzishia sindano. Msichana wangu akanipeleka dukani, akanisomea pakiti moja moja: hii iko na sukari, na hii, na hii. Nikajifunza kuacha chakula kwa sahani. Wapendwa, hiyo ilikuwa ngumu kuliko sindano. Polepole macho yakarudi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru msichana wangu, na mkwe wangu aliyenipeleka kliniki bila kuniuliza swali hata moja la aibu. Na nyinyi akina mama, mnaonitolea chai yangu kabla hamjatia sukari kwa sufuria, asanteni.

Lakini sijapona kabisa, na bado naogopa. Msiseme hayo ni ya majuu. Soda iko hapo sokoni, na mficha maradhi kifo humuumbua. Kuna mmoja wetu ametoka nje mara nne tangu ibada ianze, na chupa ya maji haijamtoka mkononi. Sikutazami, usiinamishe kichwa. Kesho asubuhi naenda zahanati. Nitapitia kwako, twende pamoja.